Kitabu cha Kuanzia

Mashine aliyoinunua Bwana Zubeir ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kuitumia. Mjerumani aliyekuwa akichapa vijarida vya hoteli hapa Malindi alikuwa amefunga biashara na kurudi kwao, akatuuzia sanduku kubwa la chuma lenye kioo cha kijani, vibonye kama vya tapureta, mikebe ya dawa ya kuoshea karatasi, na kitabu kimoja cha maelezo. Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kijerumani, jalada hadi jalada. Nilikifungua kwa nyuma, nikaona maneno yasiyo na mwisho, nikakirudisha. Sakafu ya matbaa yetu imeinamia upande wa mlango na meza ya mashine ilikuwa ikicheza, kwa hiyo Thuku, mpiga chapa wetu, akakitia kile kitabu chini ya mguu wa meza. Meza ikatulia. Nikasema afadhali kimepata kazi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Bwana Zubeir, mwenye matbaa, akaniita mimi mpiga tapureta wake kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Shikamoo, Bwana Zubeir."

"Marahaba. Kaltuma, nisikilize vizuri. Ijumaa baada ya swala, Mwambire wa hoteli aja kuchukua kadi yake ya vyakula. Nimemwahidi itatoka kwenye mashine mpya, si kwa herufi za risasi za kupanga kwa mkono. Ikitoka safi, mashine ni yako, utaikalia wewe. Isipotoka, kuna kijana Nairobi amesomea mambo haya, nitampigia simu aje. Na akija yeye, tapureta sitaihitaji tena."

"Na mimi?"

Akavua miwani akaipangusa kwa kanzu. Bwana Zubeir si mtu mbaya, ila ana tabia ya kupangusa miwani anapotaka kukutupa.

"Wewe wajua kusoma, mwanangu. Tafuta kitabu, nitakilipia. Kimoja. Usome."

Niseme mapema kwa nini niliogopa nilipotoka pale, maana wako watakaosema kazi ni kazi, ukiikosa hii utapata ile. Mimi nilikuwa na mume Gongoni. Abdalla alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya chumvi, mtu wa maneno machache na viatu vyeupe kwa vumbi la chumvi. Mwaka mmoja nyuma nilikwenda mazikoni Mambrui, niliporudi nikakuta ameuza tapureta yangu, ile niliyoachiwa na marehemu baba. Hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu kwamba mke wa msimamizi hana haja ya kugongagonga. Nikafunga nguo zangu, nikaja Malindi, nikapanga chumba Muyeye.

Kaka yangu Stambuli alikasirika, kisha akanipa sharti. "Maadamu wajilisha mwenyewe, sina neno," aliniambia. "Siku utakayokaa bure, nitamrudisha mke wa watu kwa mumewe." Stambuli akisema jambo hulifanya, hata likimuumiza mwenyewe. Kwa hiyo kadi ile ya vyakula ndiyo iliyokuwa baina yangu na Gongoni.

Vitabu Malindi wakati huo vilikuwa kwa Madam Jedida, mwalimu mstaafu kutoka bara, mwenye duka la vitabu vya shule karibu na posta. Thuku aliniandikia jina la lugha ya kuiamuru mashine, lililokuwa limebandikwa ubavuni mwake, nikampelekea. Madam akapiga simu Mombasa. Jumatano kabla ya adhuhuri basi likaleta bahasha ya vitabu viwili kwa kuaminiana: nichague kimoja, cha pili kirudi na basi hilohilo likigeuza.

Vilikuwa viwili visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza kilikuwa kinene, jalada gumu, herufi za dhahabu mgongoni. Cha pili kilikuwa chembamba kama daftari, karatasi yake duni, na juu yake picha ya mtu anakuna kichwa. Huyo mtu wa pichani alinichukiza papo hapo. Nilihisi ananicheka mimi.

Sasa, sisi tuliolelewa chuoni, kwa kusoma Kurani, hatuanzi kitabu kikubwa mwanzoni. Mtoto akishazijua herufi, mwalimu humpa juzuu ya mwisho, kwenye sura fupi fupi, akapanda nazo taratibu kuelekea zile ndefu. Kitabu kikubwa huingiwa kwa mlango wa nyuma. Hivyo ndivyo nilivyosoma, na mama yangu, na kila mtu niliyemheshimu. Basi nikakichukua chembamba, nikakifungua mwisho. Nikakuta majibu ya mazoezi: ndiyo, hapana, ya pili, zote mbili. Majibu bila maswali. Nikakiweka. Nikafungua kinene mwisho, na moyo ukanitulia. Kulikuwa na jedwali, safi, mistari mifupi: upande huu alama, upande ule kazi yake. Alama hii herufi kubwa. Alama hii herufi nene. Hii herufi za kulala. Hii ruka mstari. Nilisoma ukurasa mzima bila kukwama.

"Hiki," nikasema.

Madam Jedida alikuwa amekaa nyuma ya meza, akinitazama juu ya miwani kama vile mimi ni mtahiniwa wake.

"Umesoma ukurasa wa kwanza?"

"Ukurasa wa kwanza ni wa mwandishi kujisifu, Madam."

"Mimi niliwafundisha watoto wa darasa la kwanza miaka mingi, Kaltuma. Kitabu cha mtu anayeanza hupimwa ukurasa wa kwanza. Ukiuelewa peke yako, kitakufaa. Usipouelewa, kiache, hata kama kina dhahabu."

"Na sisi kwetu twaanza mwisho," nikamjibu, na sauti yangu haikuwa ya adabu kamili. "Na tunafika."

Alifungua mdomo aseme kitu. Nje, utingo akagonga ubavu wa basi, dereva akapiga honi. Madam akanitazama, akaitazama saa, akakifunga kile chembamba kwa kamba ya katani na kumpa mtu akikimbize. Nililitazama basi likipinda kona ya posta na yule mkuna kichwa ndani yake, nikafurahi.

Nilivyoielewa lugha ile mwanzoni, nilijiona hodari. Alama huandikwa katikati ya maneno, ndani ya mabano yenye pembe, lakini mashine haiichapi. Inaitii tu. Nilimweleza Thuku kwamba hilo si geni kwetu: kwenye msahafu kuna vijiherufi vidogo juu ya mstari vinavyokwambia simama, au usisimame. Hakuna anayevitamka, lakini ukivipita bila kuvitii mwalimu atakukatiza. Thuku akasema basi mashine imepata mwenyewe.

Nikaandika kichwa cha kadi: alama ya herufi kubwa, kisha KARIBUNI MEZANI. Chini yake samaki wa kupaka, kamba wa nazi, pweza, wali. Nikabonyeza. Mashine ikanguruma tumboni, karatasi ikatoka, tukaiosha kwenye dawa, tukaitundika. Karibuni Mezani ilikuwa kubwa, nzuri kabisa. Samaki naye mkubwa. Kamba, pweza, wali, wote wakubwa, wamejazana na kumwagika nje ya ukingo, na neno la mwisho limekatwa katikati.

Nikadhani nimekosea kibonye. Nikarudia. Ikatoka vilevile. Nikajaribu alama ya herufi za kulala kwenye jina la samaki, na kila kilichofuata kikalala naye hadi chini ya ukurasa. Nikajaribu herufi nene, ukurasa ukawa mweusi. Nilirudi kwenye jedwali langu, nikaliangalia mstari kwa mstari. Lilikuwa limenipa kila alama niliyoitaka. Halikuniambia namna ya kuikomesha.

Karatasi ile haikuwa ya dukani. Ilikuwa karatasi ya picha, inakuja kwa gombo ndani ya sanduku jeusi, na Mjerumani alituachia gombo lililokwisha kutumika. Alhamisi alasiri Thuku alilipima uzito likiwa ndani ya sanduku, bila kulifungua maana mwanga huliharibu, na uso wake ukabadilika.

"Dada, hii imebaki kidogo sana. Ukurasa mmoja, labda na kipande."

"Nimesikia."

"Kwa nini usianze kitabu mwanzo, kama watu wengine? Sisi kanisani tunaanza kitabu cha Mwanzo, na ndiyo maana kinaitwa hivyo."

"Thuku, mimi nawe tumekula chumvi pamoja. Usinifanye nikuchukie leo."

Akarudi kwenye mikebe yake. Nilikuwa na hofu, na mimi nikiwa na hofu huwa mkali, kila mtu pale alijua. Na kama kwamba hiyo haikutosha, Stambuli akaingia mlangoni, kofia mkononi.

Tuliamkiana. Akauliza habari za kazi, nikamwambia nzuri. Macho yake yakaenda ukutani, kwenye zile kurasa zilizotundikwa, samaki wakubwa kama ajali.

"Bwana Zubeir ameniambia habari ya kesho," alisema. "Sikuja kukuombea mabaya. Lakini Abdalla ataleta lori la chumvi mjini kesho, na nimemwambia apitie hapa baada ya swala. Kama kazi ipo, atapita zake. Kama haipo, vitu vyako si vingi, vitaingia nyuma."

"Wanipanga kama gunia, kaka."

"Nakupanga kama dada yangu. Huwezi kuishi huku wala kule."

Alipoondoka nilikaa mbele ya kioo cha kijani na nikalia kidogo, bila sauti, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kisha nikalichukua lile buku la dhahabu nikaenda nalo nyumbani.

Ijumaa asubuhi nilifika nikiwa nimesoma ukurasa wa kwanza, na wa pili, na sura nzima. Madam Jedida alikuwa na haki na hilo lilinichoma. Mwandishi alianza kwa kusema kwamba kwa kuwa msomaji ameshaijua misingi ya lugha hii, yeye hatampotezea wakati nayo. Kila alipokaribia kusema lile ninalolitaka, aliandika "kama kawaida" na kuendelea. Kilikuwa kitabu kizuri sana kwa mtu asiyekihitaji. Kile kilichoandikwa kwa ajili yangu kilikuwa Mombasa, kimefungwa kwa kamba ya katani, na mimi ndiye niliyekirudisha.

Adhana ikatoka. Bwana Zubeir na wanaume wote wa mtaa wakaenda msikitini, mtaa ukawa kimya, tukabaki mimi na Thuku. Nilimweleza kila kitu, hata la Madam Jedida. Hakunicheka. Aliegemea meza, akiwaza, na meza haikutikisika.

Nikautazama mguu wa meza.

"Thuku, nyanyua."

"Ninyanyue nini?"

"Meza. Kuna kitabu hapo ambacho mimi nimekiona mwisho wake tu."

"Hicho ni Kijerumani, dada. Hata ukianza katikati ni Kijerumani."

"Nyanyua."

Akanyanyua, mishipa ya shingo ikamtoka, nikakivuta kitabu na mahali pake nikasukuma lile buku la dhahabu. Lilikaa vizuri zaidi. Nikapangusa vumbi, nikafungua jalada la mbele.

Ukurasa wa kwanza haukuwa na maelezo. Ulikuwa na picha mbili zinazotazamana. Kushoto, barua fupi iliyojaa alama ndani ya mabano. Kulia, barua ileile kama ilivyotoka kwenye mashine: kichwa kikubwa, jina moja limelala, mengine yote ya kawaida. Sikujua hata neno moja la barua ile. Nikaweka kidole cha kushoto kwenye jina lililolala, kidole cha kulia kwenye jina hilohilo lenye alama zake. Mbele yake alama. Nyuma yake alama ileile tena, na ndani yake mstari mdogo ulioinama. Nikaenda kwenye kichwa. Mbele alama, nyuma alama na mstari. Nikashuka ukurasa mzima hivyo, na hapakuwa na hata moja iliyoanza ikaachwa.

"Inarudi," nikamwambia Thuku. "Kila moja inarudi kusema imetosha."

Thuku akainama, akatazama, akapiga mluzi mdogo. Mjerumani alijua kuandika kwa anayeanza, na sisi tulimwekea meza juu.

Nikaketi kuandika. Hapo ndipo hofu ya kweli iliponikamata, maana kutojua kuna usingizi wake, lakini kujua huku karatasi ni moja hakuna. Kichwa, alama, rudisha. Samaki wa kupaka, alama ya kulala, rudisha. Nje lori likaja likasimama, injini haikuzimwa. Sikuinua macho. Niliijua injini ile, nilikaa nayo miaka. Kamba wa nazi, rudisha. Watu wakaanza kutoka msikitini, kandambili zikisikika mtaani. Bwana Zubeir akaingia na Mwambire wa hoteli, mtu mnene mwenye tai, akipepea kwa kofia, na nyuma yao Stambuli akasimama mlangoni.

"Iko tayari?" Mwambire akauliza.

"Yaosha uso," akasema Thuku.

Nilikuwa na kidole juu ya kibonye cha kutoa. Bwana Zubeir alikuwa ameshavua miwani. Nikajiambia nibonyeze, wananitazama, nikisita wataona sijui. Lakini nikauondoa mkono. Nikaanza juu kabisa, mbele yao wote, vidole viwili juu ya kioo, nikihesabia kila alama mwenzake. Mwambire akakohoa. Stambuli akasogea hatua. Kichwa, sawa. Samaki, sawa. Kamba, sawa. Pweza hakuwa na mwenzake. Alikuwa ameanza kulala na hakuna aliyemwamsha, na wali, na maandazi, na chai, na jina la hoteli, vyote vingelala pamoja naye kwenye karatasi ya mwisho.

Nikaiandika ile alama na mstari wake. Nikabonyeza.

Mashine ikanguruma. Thuku akaipeleka karatasi kwenye dawa, akaitikisa sinia taratibu, na maneno yakaanza kujitokeza. Kichwa kikubwa. Samaki amelala, bei yake imesimama. Pweza amelala peke yake. Chini kabisa jina la hoteli, nene, limetulia katikati.

Mwambire akaisoma yote kama anayetafuta deni, kisha akasema, "Hii ndiyo niliyoitaka," na akauliza kama tunaweza kumfanyia na ya mvinyo. Bwana Zubeir akarudisha miwani usoni. Akatazama chini.

"Kaltuma. Kile si kitabu nilichokulipia?"

"Ndicho."

"Chafanya nini chini ya meza?"

"Kazi inayokiweza, Bwana Zubeir."

Thuku akageuka upande wa ukuta, mabega yakitetemeka. Bwana Zubeir aliwaza kidogo, akasema mashine ni yangu na kwamba kijana wa Nairobi abaki Nairobi.

Nikatoka hadi mlangoni kwa Stambuli. Alikuwa anaitazama ile kadi kwa mbali, na niliona kwamba amefurahi, maskini, ila hakujua aiweke wapi furaha hiyo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi nitamwambia Abdalla asubiri."

"Asubiri nini?"

"Asubiri tu. Mambo yatakavyokwenda."

Mwaka mzima nilikuwa nimelisikia neno hilo na kulipokea kama fadhila. Siku ile nililikataa. Kila nilichofanya tangu nitoke Gongoni, chumba nilichopanga, chakula nilichopika, jina nililoitwa sokoni, vyote vilitoka kwa mwandiko wa mke wa Abdalla, kwa sababu niliondoka tu. Sikuwahi kurudi kusema imetosha.

"Kaka, asisubiri. Ndoa ile iliandikwa kwa Kadhi. Nataka ikome kwa Kadhi."

"Kaltuma, fikiri aibu."

"Nimeshaiona, mwaka mzima, kwa herufi nene."

Alitaka kwenda kwenye lori, nikampita. Abdalla alikuwa nyuma ya usukani, mkono nje ya dirisha, chumvi kwenye vinyweleo. Alinitazama kama anayetazama mzigo uliochelewa. Nikamwamkia, akaitikia.

"Jumatatu asubuhi, kwa Kadhi," nikamwambia. "Uje na tapureta ya baba au uje bila, mradi uje."

Abdalla akainyoosha shingo kumtafuta Stambuli, labda amwambie mimi natania. Stambuli alikuwa amesimama kizingitini na kofia yake mkononi, na hakutikisa kichwa. Abdalla akanyoosha mkono, akazima injini, na mtaa ukawa kimya kiasi cha kumsikia Thuku ndani akiniita. Mwambire alikuwa ametoa mfukoni orodha ya mvinyo. Nikarudi ndani nikaketi.